Kupaka rangi na kuchakaza modeli ya kifaru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila jibu hapa chini linatumia kifaru kimoja kama mfano: Type 59 ya Kichina katika kipimo cha 1/35, aina waliyokuwa nayo JWTZ kwenye Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Nimekichagua kwa sababu udongo wake tunaufahamu. Mtu aliyewahi kupanda basi kwenye barabara ya vumbi ya Kagera hahitaji kuelezwa vumbi jekundu hujificha wapi kwenye gari. Wewe unayejenga Tiger au Sherman fuata hatua hizihizi, ubadilishe rangi na udongo tu.

Kwa nini modeli nyingi za vifaru ni 1/35?

Kwa sababu ya betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa modeli ya Panther, kifaru cha Kijerumani, iliyotembea kwa mota, na bodi yake ilibidi iwe kubwa kiasi cha kumeza mota na betri. Ukubwa ukaangukia hapo, modeli ikauzika, na wengine wakafuata.

Hesabu yake ishike vizuri kwa sababu itakuokoa mara nyingi. Milimita 1 mezani ni sentimita 3.5 za kweli. Bodi ya Type 59 ina urefu wa kama mita 6, hivyo kwako ni sentimita 17. Ukijumlisha mzinga unaochomoza mbele inafika kama 26. Punje ya mchanga ya milimita 1 ni jiwe lenye ukubwa wa ndimu. Mbambuko wa rangi wa milimita 3 ni sehemu pana kama kiganja. Kabla ya kuweka doa lolote, zidisha kwa 35 kichwani ujiulize kama kitu cha ukubwa huo kingekuwepo.

Ninunue boksi gani?

Trumpeter wanayo Type 59. T-55A ya Tamiya hujengeka kwa raha zaidi, lakini usiibandike jina la Type 59 ukadhani hakuna atakayegundua. Type 59 ilitokana na T-54A ya Kisovieti, na juu ya mnara (kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga) ina kibonge cha feni kama bakuli lililofunikwa. T-55 haina. Ukishaijenga T-55, ipe jeshi la Idi Amin, ambalo lilikuwa na vifaru vya aina hiyo pamoja na Sherman za zamani zilizotoka Israel.

Wote wa ukoo huu wana magurudumu matano kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine. Ukijikuta umeyapanga kwa nafasi sawa, rudi kwenye karatasi ya maelekezo.

Niunganishe kila kitu kwanza ndipo nipake, au nipake vipande?

Unganisha bodi na mnara, lakini magurudumu na minyororo acha pembeni. Kamba za kuvutia na mapipa ya mafuta ya nyuma navyo vikae pembeni.

Kabla ya rangi fanya mambo mawili. La kwanza, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuisaidia kubanduka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. La pili, shughulikia mnara. Mnara wa kweli ulisubiwa kwa chuma kilichoyeyushwa, ngozi yake ina vipele, wakati wa plastiki ni laini kama yai. Paka gundi ya majimaji ya plastiki sehemu ndogo, subiri sekunde chache ilainike, kisha gongagonga kwa brashi kuukuu yenye nywele ngumu. Ikikauka, pitisha msasa laini juu juu. Ni kazi ya nusu saa, na kwa maoni yangu inabadilisha modeli kuliko chupa yoyote ya rangi utakayoinunua.

Praima, yaani rangi ya kwanza kabisa ya kushikisha nyingine, ni lazima?

Ndiyo. Ya kijivu inatosha. Faida yake kubwa ni kuonyesha makosa: mstari wa kiungo chini ya mzinga uliodhani umeusugua utauona hapo, ukiwa bado unaweza kuusugua tena.

Sina brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kwa kompresa. Nitaweza?

Utaweza. Kifaru cha rangi moja ya kijani kinapakika kwa kopo la kupuliza, na hata brashi ya mkono inatosha ukipaka tabaka tatu nyembamba badala ya moja nzito, kila moja ikikauka kabisa kabla ya inayofuata. Alama za brashi zitakazobaki zitafunikwa na vumbi.

Ukija kununua, chukua yenye sindano ya milimita 0.3 na kompresa yenye tangi, kwa sababu isiyo na tangi hupuliza kwa kudunda kama moyo. Presha iwe karibu bar 1, umbali sentimita 5 hadi 8. Rangi za Tamiya mimi huzimua sehemu moja ya rangi kwa moja na nusu ya kimiminika chao, hadi iwe kama maziwa yasiyo na mafuta: ikiteleza kwenye ukuta wa kikombe iache utando mwepesi. Watu wengi wanaolalamikia brashi mbovu wana rangi nzito.

Mbona rangi yangu inakauka ikiwa hewani, inatua kama unga?

Joto. Nani hajapuliza rangi Dar es Salaam mwezi wa Februari saa nane mchana akaona sehemu iliyotakiwa kuwa laini imekuwa kama msasa? Matone hukauka kabla ya kufika. Sogea karibu, ongeza kimiminika, weka matone machache ya kichelewesha ukaukaji, au amka alfajiri. Mimi nimeishia kwenye alfajiri.

Masika kuna shida ya upande wa pili. Rangi na vanishi zenye thina kali zikikauka hupoza uso wa modeli, unyevu wa hewani hutua juu yake, na asubuhi unakuta kifaru kimevaa ukungu mweupe. Vanishi isiyong'aa ndiyo yenye tabia mbaya zaidi. Usikimbilie kukwangua. Puliza tabaka la vanishi ya kung'aa juu yake, mara nyingi weupe hupotea, kisha siku yenye jua rudia ile isiyong'aa.

Kijani chenyewe ni kipi?

Vifaru vya Kichina vya wakati ule vilipakwa kijani kilichokoza. Kosa la kawaida ni kutafuta chupa moja yenye "kijani sahihi" na kuipaka kama ilivyo. Kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali hupauka, na modeli yako ni kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali. Ukitumia rangi halisi kwa ukoleaji wake halisi itaonekana nyeusi.

Mchanganyiko wangu kutoka chupa za Tamiya ni XF-61 (kijani kilichokoza) sehemu tatu, XF-60 (njano iliyokoza) sehemu moja, na tone la XF-2 (nyeupe) kama chumba chako kina mwanga hafifu. Kabla yake napuliza kahawia iliyokaribia nyeusi chini ya madigadi, kwenye kona na kando ya mifuniko. Kijani kinafuata, nikianzia katikati ya kila bamba na kuacha giza libaki pembeni. Mwisho naongeza tone la njano iliyofifia na kupitisha nyuso zinazotazama juu tu, kwa sababu jua la huku linapausha kutokea juu.

Usiogope kuwa tofauti imezidi. Vanishi, maji ya rangi na vumbi vyote hupunguza tofauti, na kinachoonekana kikali leo kitakuwa cha kawaida wiki ijayo.

"Kuosha" ni nini, na kwa nini kwangu kunaacha madoa?

Ni kupitisha rangi ya mafuta iliyozimuliwa mno, karibu maji matupu, ili ikimbilie kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya bolti, ikivionyesha. Madoa yanakuja ukiifanya juu ya uso usiong'aa. Uso wa namna hiyo una vinyweleo, unainywa rangi palepale inapogusa. Puliza vanishi ya kung'aa kwanza, subiri usiku mzima, halafu gusa bolti moja kwa ncha ya brashi nyembamba: utaiona rangi ikikimbia yenyewe kuizunguka.

Rangi zangu ni zile za tyubu za wachoraji. Ikamulie juu ya kipande cha katoni uiache nusu saa ili katoni inyonye mafuta. Hapo itakauka haraka na bila kung'aa. Izimue kwa tapentaini. Tumia kahawia iliyoiva na usitumie nyeusi, kwa sababu nyeusi juu ya kijani hufanya kifaru kionekane kimechorwa kwa kalamu. Baada ya dakika kumi au kumi na tano chukua brashi safi yenye unyevu wa tapentaini tu, ufute ziada kwa kushuka, kutoka juu kwenda chini kama maji ya mvua. Ukifuta kwa kuzungusha utapata mawingu.

Usimwagie modeli. Niliwahi kuimiminia kwa ukarimu, tapentaini ikaingia ndani ya bodi kupitia matundu, ikakaa. Siku mbili baadaye mikono mitatu ya magurudumu ilikuwa imekatika. Plastiki iliyobanwa au kukunjwa kidogo hupasuka ikilowa vimiminika hivi.

Naweza kutumia thina ya duka la vifaa vya ujenzi?

Ya rangi za magari, hapana, haipaswi kugusa plastiki. Isafishie brashi ya hewa tu, na hapo nayo iwe mbali na mipira ya ndani. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ni mbaya zaidi. Tapentaini ya dukani ni sawa kwa kuzimulia rangi za mafuta, ila inunue kwa chupa ndogo kwanza ujaribu kwenye fremu ya plastiki iliyobaki.

Mibambuko ya rangi niiweke wapi?

Kabla ya wapi, uliza nani. Kifaru hiki kina watu wanne, na kila mmoja ana njia yake ya kupanda. Dereva hukaa mbele kushoto. Buti zake zinakwangua ukingo wa mfuniko wake na bamba la mbele. Wengine hushika vishikio vya mnara. Madigadi ni bati jembamba, linagonga miti, linapinda. Vifuniko vya injini hufunguliwa na mafundi wenye spana. Hizo ndizo sehemu zako. Katikati ya bamba la ubavuni, ambapo hakuna anayekanyaga, acha.

Chukua kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo, kinyofoe kiwe na ukingo uliochanika, chovya kwenye rangi, kisha kigonge kwenye karatasi mpaka karibu hakitoi kitu. Sasa gusa ukingo. Anza na kijani kilichopauka, maana mkwaruzo wa kawaida hauvuki tabaka la juu. Ndani ya baadhi tu ya madoa hayo, yale makubwa, weka kahawia nyeusi kwa ncha ya brashi. Wengi wanaruka hatua ya kwanza na kuweka kahawia kila mahali, kifaru kinaonekana kina surua.

Kumbuka na muda. Vita vilianza Oktoba 1978 na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kifaru cha kazini kwa miezi michache kina tope jingi na mikwaruzo mipya, ila hakina kutu ya miaka. Anayetaka kutu ya miaka ajenge mabaki yaliyoachwa porini, nayo ni modeli nyingine kabisa.

Kwa madigadi yaliyochoka kuna njia ya sprei ya nywele: paka kahawia ya chuma, vanishi, sprei ya nywele tabaka mbili, kisha kijani. Ndani ya saa moja lowesha kwa maji na usugue taratibu kwa brashi ngumu. Sprei inayeyuka chini, kijani kinabanduka kama rangi ya kweli. Hufanya kazi kwa rangi za akriliki tu, na ukichelewa hadi kesho yake haitabanduka vizuri.

Vumbi langu jekundu linaonekana kama kutu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la Afrika Mashariki, na maelekezo mengi ya Ulaya hayakusaidii kwa sababu huko vumbi ni la kijivu au la manjano na kutu ni ya machungwa, hazigombani. Huku zinagombana. Udongo wetu mwekundu una rangi hiyo kwa sababu ya madini ya chuma yaliyooksidika; kwa hesabu ya kemia ni ndugu wa kutu. Ukipaka vyote viwili kwa mkono uleule utapata kifaru kilichooza.

Nimejaribu njia nyingi, na iliyobaki ni kuvitenganisha kwa mambo matatu. Kwanza ukoleaji: vumbi lipauke hadi liwe karibu na waridi, kutu ibaki kahawia nyeusi yenye chembe chache za machungwa. Kwa vumbi nachanganya XF-64 (kahawia nyekundu) kidogo na XF-57 (rangi ya mchanga) nyingi. Ukiitazama chupani unaona kama rangi ya matofali yaliyochakaa kwa jua. Pili mng'ao: vumbi halina mng'ao hata chembe. Tatu, na hili ndilo kubwa, mahali. Vumbi linatii uvutano wa dunia na upepo. Linatua juu ya nyuso zilizolala, linajaa kona, linapanda ubavuni kutoka kwenye minyororo na kufifia kadiri linavyopanda. Kutu inatii maji na moto: ekzosi, ukingo uliokwanguliwa, kiungo kinachotunza maji. Mtazamaji hatajua kwa nini, lakini jicho lake litakubali.

Vumbi lipulize kwa rangi iliyozimuliwa sehemu moja kwa tisa, mara nyingi, ukianzia chini. Kisha chukua rangi ya unga, iweke kavu kwenye kona kwa brashi, na uigandishe kwa tone la tapentaini lililoguswa pembeni lienee lenyewe. Ikikauka itakuwa imepauka zaidi kuliko ulivyoiona mbichi, kwa hiyo subiri kabla ya kuongeza. Unga wa dukani ukiwa ghali, saga chaki za rangi za wachoraji kwenye msasa.

Halafu futa. Chovya pamba ya masikio kwenye tapentaini kidogo, uondoe vumbi pale wanapokanyaga na kukaa watu. Kijani kinachotokeza chini ya vumbi kwenye ukingo wa mfuniko wa dereva kinasema mtu ameshuka sasa hivi.

Tope nalitengeneza vipi?

Kwa udongo wa kweli, gundi nyeupe ya mbao, rangi ya unga na maji kidogo. Udongo uchekeche kwenye soksi ya nailoni, siyo chekecheo la unga wa ugali. Rudi kwenye hesabu ya ndimu: chekecheo la jikoni litakuletea mawe.

Ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu. Niliruka hatua hiyo moja nilipotengeneza kipande cha ardhi cha kuweka modeli, na baada ya wiki tatu za mvua kilikuwa kimeota ukungu wa kweli, wenye manyoya. Gundi ikigusa udongo huufanya ukoze, hivyo ongeza unga uliopauka kuliko unavyofikiri.

Majani makavu ndani ya tope ni nyuzi za mkonge zilizokatwa milimita 2 hadi 4. Fundo la kamba ya katani litakutosha maisha yako yote.

Tope liwe na umri. La zamani limekauka, limepauka, limepasuka, limekaa juu ya madigadi ya ndani. La jana ni la wastani. La leo limekoza na lina maji: paka vanishi ya kung'aa hapo tu, chini kabisa, kwenye magurudumu. Lirushe kwa kuchovya brashi ngumu na kuielekezea pumzi ya brashi ya hewa ili vitone viruke. Fanya majaribio kwenye karatasi kwanza, kwa sababu vitone vya kwanza daima ni vikubwa.

Rangi nayo haiwi moja nchi nzima. Mpakani, Mutukula, ni udongo mwekundu. Lukaya, ambako mapigano ya Machi 1979 yalifanyika kwenye njia kati ya Masaka na Kampala, ni nchi ya mabwawa ya mafunjo, na tope la bwawa ni jeusi. Kifaru kilichotoka mpakani hadi Lukaya kingeweza kubeba mekundu yaliyokauka juu na meusi mabichi chini. Mimi nimekijenga hivyo, na ndicho kitu pekee wageni wangu wote huuliza.

Minyororo ipakwe rangi gani?

Kahawia nyeusi yenye ukijivu, kisha vumbi, kisha mng'ao. Minyororo ya kifaru hiki ni chuma kitupu bila vibao vya mpira, kwa hiyo kila kinapogusana na kitu hujisugua. Inang'aa kwenye matuta ya nje yanayokanyaga ardhi, kwenye njia magurudumu yanakopita kwa ndani, na pale meno ya gurudumu la kuendesha, ambalo kwa ukoo huu liko nyuma, yanapoingia. Sugua sehemu hizo kwa penseli laini, 6B. Rangi ya fedha ya chupa inaonekana kama pambo la Krismasi.

Magurudumu yenyewe yana ukingo wa mpira. Usiupake mweusi, mpira ulio vumbini ni kijivu cha kahawia, na XF-85 ya Tamiya, rangi ya mpira, inatosha. Chomeka gurudumu kwenye kijiti cha kuchokolea meno, shikilia brashi bila kuisogeza, zungusha kijiti. Ukijaribu kuizungusha brashi utajuta.

Masizi na madoa ya mafuta?

Injini ni dizeli ya silinda 12, na ekzosi inatokea ubavuni kushoto, juu ya digadi, karibu na nyuma. Masizi yakae hapo na nyuma yake. Upande wa kulia hayana kazi. Nimeona modeli nzuri zenye masizi pande zote mbili. Bomba lenyewe huungua rangi, hivyo hapa ndipo kutu yako yote uliyojizuia kuiweka kwingine iende.

Dizeli humwagika wakati wa kujaza. Mapipa mawili ya nyuma na matangi ya juu ya digadi la kulia yana vifuniko. Tone moja la kahawia iliyochanganywa na vanishi ya kung'aa chini ya kila kifuniko, livutwe chini. Vitovu vya magurudumu viwili kati ya kumi viwe na grisi iliyovuja. Hii ifanye mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa, la sivyo mng'ao utafutika.

Stika za namba niweke zipi?

Za kwenye picha unayoinakili. Huna picha, usiweke. Kifaru kisicho na namba hakimdanganyi mtu. Stika za maji ziweke juu ya vanishi ya kung'aa. Juu ya uso usiong'aa hewa hunaswa chini na filamu inaonekana kama plasta ya kidonda.

Kuna hatari kwa afya?

Ipo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Unahitaji yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kawaida inafaa kwa unga na vumbi la msasa. Dirisha wazi, feni ikitoa hewa nje, watoto chumba kingine, na jiko la mkaa lisiwe karibu.

Vifaa nitapata wapi huku?

Vilivyo vigumu kusafirisha ni makopo ya kupuliza na thina, kwa kuwa ndege huvihesabu kama mizigo ya hatari. Rangi za akriliki za maji, kama za Vallejo, husafiri kwa urahisi zaidi. Mengine yapo mtaani: rangi za mafuta kwenye maduka ya vifaa vya wachoraji, tapentaini kwa muuza rangi za nyumba, sifongo jikoni, penseli dukani, udongo nje.

Nimezidisha kila kitu. Nianze upya?

Ngoja kwanza. Vumbi lililozidi hufutika kwa tapentaini. Mibambuko iliyozidi inafunikwa kwa kugusa kijani cha msingi, ndiyo maana hutakiwi kumwaga mchanganyiko wako hadi modeli ikamilike; mimi huuhifadhi kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa. Matope yaliyozidi yanaongezwa matope, na kifaru kinakuwa kimetoka bwawani. Kama ni lazima kubandua akriliki zote, tumia spiriti ya kusafishia na mswaki wa zamani, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Niihifadhi wapi modeli ikiisha?

Kabatini penye kioo, mbali na dirisha. Type 59 yangu ya kwanza niliiweka dirishani inapopiga jua la saa tisa. Mzinga ulianza kuinama taratibu kama mgomba uliozidiwa na mkungu, na mpaka leo unatazama chini. Nimeshindwa kuunyoosha, na kuitupa nimeshindwa pia. Nikimaliza kuchanganya rangi mpya huwa naijaribia kwanza hapo.